Miguu mizito ya Parkinson: anza kwa kuangalia saa

"Miguu haina nguvu." "Mizito kama imefungiwa mawe." "Mwenyewe anataka kwenda, miguu ndiyo inagoma." Anayehudumia wagonjwa wa Parkinson hapa Moshi au Arusha huyasikia maneno haya mara kwa mara, na familia huyasema kana kwamba ni jambo moja lenye dawa moja: dripu ya kuongeza nguvu, vitamini, mafuta ya kuchua. Hapo ndipo fedha na miezi hupotea. Uzito huo una sababu kadhaa, na karibu kila sababu ina saa yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "tumpe nini?", uliza miguu inakuwa mizito saa ngapi.

Chukua daftari la shule, ukurasa mmoja kwa siku moja. Piga mistari kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku, na kila saa andika neno moja: mizito, afadhali, au miepesi. Weka alama ya mkato alipomeza kidonge na duara alipokula, kisha andika alikula nini. Siku tatu zinatosha kuanzia. Ijazwe saa ileile, maana jioni kila mtu atakwambia "leo kutwa nzima alikuwa mzito", na sivyo ilivyokuwa.

Wakati daftari linajazwa, pima jambo moja hapo nyumbani. Mketishe mzee kitini, weka kiganja chako mbele ya mguu wake juu kidogo ya kifundo, mwambie anyooshe goti akusukume. Mara nyingi sekunde ya kwanza hakuna kitu. Ya pili mguu unaanza kujongea. Ya tatu mkono wako unarudishwa nyuma barabara. Misuli ipo, kilichochelewa ni amri. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kupeleka amri za mwendo, zimepungua, na dopamini ikipungua ubongo hutuma amri ndogo na ya polepole, huku misuli ya mbele na ya nyuma ya paja ikikaza kwa pamoja. Mtu anatembea akivutana na mwili wake mwenyewe, ndiyo maana mita hamsini zinamchosha kama kilomita. Baadaye, akishakaa kitini miezi kwa kuogopa kuanguka, misuli nayo huisha kweli. Hapo ana matatizo mawili, na kidonge hakirudishi misuli iliyokaa bure.

Sasa soma daftari.

Ukikuta miguu ni mizito alfajiri, halafu tena karibu saa nzima kabla ya kila dozi, hiyo ni dawa inayokwisha mwilini. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, nusu yake huondoka kwenye damu kwa takriban dakika 90. Miaka ya mwanzo ubongo huwa na akiba kidogo, mgonjwa hahisi kitu. Miaka ikisonga akiba hupungua na kila dozi anaihisi ikipanda na ikishuka. Anayemeza saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 11 jioni ataanza kuburuza miguu saa 5, na hatapata nafuu mpaka saa 7 kasoro. Taarifa hiyo, kwa maneno hayohayo, ndiyo daktari anayoihitaji. Pengine ataisogeza dozi karibu bila hata kuongeza kiasi. Usijipangie mwenyewe, na usiache dawa ghafla kwa sababu yoyote: kuiacha ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa na kupoteza fahamu.

Kwa ule uzito wa alfajiri kuna jambo rahisi ambalo nyumba nyingi hazilifanyi. Dozi ya kwanza na bilauri ya maji vilale kando ya kitanda. Ameze, alale tena nusu saa hadi dakika 45, ndipo ashuke. Anayemwamsha baba yake, akamsimamisha, akampeleka bafuni, akamnywesha chai, na kidonge kikaja mwisho, amemchagulia saa mbaya kuliko zote. Vidole vya mguu vinavyojikunja kwa maumivu alfajiri navyo mara nyingi hutokana na upungufu huohuo.

Kisha angalia yale maduara. Levodopa hupita ukuta wa utumbo, na baadaye mpaka wa ubongo, kwa mlango uleule unaotumiwa na protini iliyokwisha kumeng'enywa. Vikigombea mlango, dawa hushindwa. Hapa kwetu mgombea wa kwanza ni chai ya maziwa na mayai asubuhi, wa pili ni mtori wa nyama, wa tatu sahani ya maharage mchana. Ndizi yenyewe haina kosa, ni nyama iliyomo ndani. Ameze dawa kwa maji matupu nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Ikiwa kichefuchefu kinamsumbua, kipande cha kiazi au mkate mkavu kitasaidia bila kugombana na dawa. Wale ambao dozi zao zinakwama waziwazi baada ya chakula wanaweza kula mchana ndizi kwa mboga, viazi, matunda, uji usio na maziwa, halafu nyama, samaki, maharage au mtindi vikaja usiku. Nasisitiza: protini inahamishwa, haifutwi. Mzee anayekonda akinyimwa nyama na maharage atapoteza mapaja yaleyale tunayoyapigania. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo huikamata levodopa tumboni, hivyo vitenganishwe kwa saa mbili au zaidi. Na choo kigumu kisidharauliwe: tumbo likizembea, dawa inachelewa kufika. Papai, maji ya kutosha na mwendo kidogo kila siku ni sehemu ya matibabu ya miguu.

Kuna hesabu moja ya kidonge ambayo mara nyingi haielezwi dirishani kwenye duka la dawa. Kama pakiti imeandikwa 250/25, namba kubwa ni levodopa na ndogo ni kabidopa, ambayo kazi yake ni kuzuia levodopa isiharibikie njiani kabla ya kufika kwenye ubongo. Mwili huhitaji kabidopa ya miligramu 70 hadi 100 kwa siku. Anayemeza nusu kidonge mara tatu anapata 37.5 tu, robo mara tatu, hata 20 hazifiki. Hapo kichefuchefu na presha kushuka huzidi, mgonjwa anasema "dawa imenikataa", na anaiacha. Mwambie daktari hivyo, aangalie kama kidonge cha 100/25 kinaweza kupatikana. Vile vya kuyeyuka polepole visipondwe wala kutafunwa.

Unga wa upupu nao unauzwa kama dawa ya kutetemeka. Ni kweli kwamba mbegu za upupu zina levodopa, na ndiyo sababu hasa ya kuwa mwangalifu: kijiko hakina kipimo, hakina kabidopa, na juu ya vidonge kinamzidishia mtu dozi mpaka mwili unachezacheza wenyewe, anaona watu wasiokuwepo, na presha inaporomoka.

Mwaga pia dawa zake zote mezani. Metoclopramide ya kutapika, prochlorperazine na cinnarizine za kizunguzungu, haloperidol ya kutuliza: hizi huziba au kudhoofisha kazi ya dopamini, na mtu mwenye Parkinson hapaswi kuzipata bila daktari anayejua ugonjwa wake. Cinnarizine inauma zaidi kwa sababu inatolewa kwa urahisi. Mzee anasema anapepesuka, anapewa ya kizunguzungu, na baada ya wiki kadhaa miguu imekuwa mizito maradufu.

Hapo tufike kwenye presha kushuka, ambayo katika macho yangu ndiyo sababu inayopitwa kuliko zote. Miguu inalegea anaposimama tu, au baada ya kula, au anapotoka kuoga maji ya moto. Akikaa inarudi. Pengine kuna maumivu ya shingo na mabega yanayopoa akilala. Parkinson hugusa mishipa ya fahamu inayokaza mishipa ya damu, hivyo damu inazama miguuni na kichwa kinakosa. Dawa zenyewe huongeza. Kupima ni hivi: alale chali dakika tano, mpime. Asimame, mpime dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, umepata jibu. Mtu aliyepimwa akiwa ameketi tu anaweza kuonekana mzima kabisa. Mpe maji bilauri mbili, kama nusu lita, anywe ndani ya dakika chache kabla ya kusimama asubuhi, isipokuwa kama ana ugonjwa wa moyo au figo na amepangiwa kiasi cha maji. Akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili akikanyaga visigino na vidole kwa zamu, ili mashavu ya miguu yasukume damu juu. Inua kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20 kwa matofali chini ya miguu miwili ya kitanda upande wa kichwani. Kurundika mito kunakunja shingo tu. Milo iwe midogo. Mbege, pombe yetu ya ndizi, iachwe, hasa siku ya jua kali. Kuhusu chumvi na vidonge vya presha, asiguse mtu kabla ya daktari kuona zile namba tatu.

Miguu iliyovimba ni habari nyingine. Amlodipine, ambayo wazee wengi wanameza kwa ajili ya presha, huvimbisha vifundo. Pramipexole na amantadine, dawa za Parkinson, pia. Bonyeza kwa kidole juu ya kifundo kwa sekunde kumi. Kikibaki kishimo, hayo ni maji, na yana uzito wake. Kama uzito ni wa kutwa nzima, hausikilizi dozi, na kuna ganzi nyayoni, omba kipimo cha vitamini B12, hasa kwa aliyetumia levodopa miaka mingi au anayemeza metformin ya kisukari. Damu kidogo, tezi la shingo na uti wa mgongo navyo viangaliwe. Hospitali usisubiri kesho ikiwa mguu mmoja umelegea ghafla, mdomo umekwenda upande au maneno yanakwama. Ikiwa shavu moja la mguu limevimba na linauma. Au ikiwa miguu imedhoofu pamoja na ganzi ya makalio na kushindwa kuzuia mkojo. Hayo Parkinson haihusiki nayo.

Turudi kwenye kiti, maana siku nzima inaanzia pale. Makochi yetu ni ya chini na yanazama. Kalio likiwa chini ya goti, hata kijana anahangaika. Kiti kigumu chenye mikono, kimo cha sentimita 45 hadi 50, kinampunguzia mtu kazi kubwa. Kochi linaweza kuinuliwa kwa magogo yenye tundu ambayo seremala yeyote anachonga, mradi miguu ya kochi izame humo isiteleze. Kuinuka kuna mpangilio wake. Sogea mpaka ukingoni. Vuta nyayo nyuma mpaka visigino vipite chini ya magoti, vikiachana upana wa nyonga. Inama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Hapo hapo, kwa hesabu ya tatu, sukuma sakafu kwa nguvu. Kosa linaloonekana karibu kila nyumba ni kuinuka wima bila kuinama: uzito unabaki nyuma, mtu anarudi kitini, na watu wanasema miguu imekwisha. Kosa la pili ni la msaidizi anayevuta mikono miwili kwa mbele. Simama ubavuni, kiganja mgongoni juu ya kiuno, elekeza mbele. Na useme neno moja tu: "Pua mbele." Sauti tatu zikisema kwa pamoja "inuka baba, haya, jikaze", ubongo uliochoka haujui ushike ipi.

Kwa kutembea, ubongo wenye Parkinson umepoteza mdundo wa ndani lakini unaupokea wa nje vizuri sana. Wala hili halijatoka mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka Wilaya ya Hai ulikuta watu 33 wenye Parkinson, wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Mwaka 2010 ukachapishwa mwingine kuhusu wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania ambao walikuwa hawajaanza dawa, na kuwafundisha kutembea kwa kufuata ishara za nje kuliboresha mwendo wao. Huku ndiko kwetu. Mdundo haununuliwi.

Saa ambayo miguu ni miepesi, hesabu hatua zake kwa dakika moja. Tuseme ni 90. Weka programu ya mdundo kwenye simu kwa 90, akanyage kila mlio. Baada ya wiki jaribu 95 kama hagandi, yaani miguu hainati sakafuni. Akiganda, shusha mpaka 80. Asiye na simu ana mchakamchaka: kila aliyesoma shule za hapa anajua kushoto, kulia, kushoto, kulia, na mwili wake unakumbuka. Wanakwaya waimbe. Hatua iwe kubwa, kisigino kitangulie. Ndani ya nyumba, kwenye korido au mlango unaomgandisha, bandika utepe wa rangi kali upana wa sentimita tano kukatiza njia, umbali wa sentimita 40 hadi 50 kati ya mstari na mstari, au piga rangi kwenye saruji. Anavuka mistari, hakanyagi juu yake.

Miguu ikinata mlangoni, kuvuta hakusaidii. Juu ya mwili kunakwenda, nyayo zinabaki, anaanguka kwa magoti. Asimame kabisa. Anyooke, apumue. Ahamishe uzito kushoto, kulia, kushoto, mpaka mguu mmoja usibebe uzito. Kisha huo mmoja upige hatua kubwa. Msaidizi anaweza kuweka mguu wake mbele ya ule wa mgonjwa, kukatiza, naye akauruka. Kugeuka kusiwe kwa kuzunguka juu ya kisigino. Azunguke kwa duara pana kama basi linavyogeuza stendi, hatua kwa hatua.

Jambo la kwetu hasa ni salamu. Mtu wa Kibosho au Meru hapiti mwenzake kimya, na kutembea huku unaitikia "marahaba, wa nyumbani hawajambo?" ni kazi mbili kwa ubongo usioweza mbili. Mwendo unasinyaa palepale. Simama, salimu mpaka mwisho, maliza, ndipo upige hatua ya kwanza. Heshima haipungui hata kidogo. Vivyo hivyo ndoo mkononi na simu sikioni viachwe.

Kwenye mteremko, hasa vihambani, kwenye mashamba ya migomba, kipindi cha masika, mwili hukimbilia mbele na hatua zinakuwa fupi za haraka. Ashuke kwa kukata mshazari, asimame kila hatua kumi, na fimbo iwe upande wa mkono wenye nguvu. Kimo cha fimbo ni kikunjo cha kifundo cha mkono akiwa amesimama na viatu vyake. Mpira wa chini ukilainika, badili. Kandambili ziishie bafuni, kwa sababu mguu unaoburuzika unaziacha nyuma. Kwenye daladala mguu wenye nguvu hutangulia kupanda, dhaifu hutangulia kushuka, na konda aambiwe asubiri kabla ya kuanza kupanda. Kwenye bajaji aketi kwanza kwa mgongo, kisha aingize miguu yote miwili. Kipande cha satini kitini kinamsaidia kuteleza.

Mazoezi ya nguvu yafanyike saa ambayo dawa inafanya kazi, karibu saa moja baada ya dozi, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Kuinuka kitini mara 8 hadi 12, upesi kwenda juu na polepole kurudi, maana kinachopotea kwanza ni kasi. Kuinua visigino umeshika meza, mara 12. Kupanda na kushuka ngazi moja ya sentimita 15, mara 10 kila mguu, ukutani pawe na bomba la kushika lililofungwa kwa bolti. Mizunguko miwili, baadaye mitatu. Ikishakuwa rahisi, akumbatie chupa ya maji ya lita moja na nusu kifuani. Siku nyingine atembee, dakika 10 mara tatu ni sawa na 30. Juni na Julai, baridi ikiuma, apashe mwili moto ndani kwanza. Kila mwezi mpime: mikono kifuani, ainuke na kuketi mara tano, tazama saa. Zaidi ya sekunde 16 ni dalili kwamba hatari ya kuanguka imeongezeka, na asifanye peke yake.

Ukienda kliniki, iwe KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, au hospitali ya karibu, mzee mara nyingi atatembea vizuri kuliko nyumbani. Amemeza dawa asubuhi, amechangamka, korido ni pana. Kwa hiyo mrekodi kwa simu saa ileile ambayo daftari linasema ni mbaya: dakika moja tu, akiinuka kitini, akitembea mita tano, akigeuka, akipita mlangoni. Rekodi tena saa nzuri. Beba hizo video mbili, daftari, vidonge vyote ndani ya pakiti zake, na dozi ya saa 6 mchana pamoja na chupa ya maji, kwa sababu foleni haitajua kwamba saa yake imefika.